Tiketi ya ndege ya bei nafuu kutoka Nairobi: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Nauli unayoiona kwanza kwenye simu mara nyingi siyo utakayolipa. Mwaka juzi wanawake wawili wa chama chetu huku mtaa wa Umoja, Nairobi, walikwenda Dubai kwa wiki moja. Mmoja alipata tiketi iliyokuwa chini ya ile ya mwenzake kwa shilingi elfu sita, akatuonyesha sote kwa furaha. Tiketi ile ilikuwa ya begi la mkononi tu. Wakati wa kurudi alikuwa na mashuka na vyombo, akalipia mzigo pale kaunta kwa bei ya kaunta. Zile elfu sita zikaenda, na nyingine zaidi ya elfu kumi zikafuata. Mwenzake alikuwa na kilo 30 ndani ya nauli yake, akapita bila kuulizwa neno.

Tangu siku hiyo simtafutii mtu tiketi kabla sijamuuliza: utarudi na nini?

Anza na karatasi

Kabla hujafungua tovuti yoyote, andika gharama zote kuanzia mlango wa nyumba yako hadi mlango wa unakokwenda: nauli, begi, gari la kwenda uwanjani, gari la kule, viza, chakula cha kusubiria ndege, chumba ikiwa utalala njiani, na makato ya kadi. Jumla hiyo ndiyo utakayolinganisha kati ya tiketi na tiketi.

Chini yake andika vitu unavyoweza kulegeza. Harusi haisogei, likizo husogea. Je, unaweza kuondoka Jumanne badala ya Ijumaa? Unaweza kutua Sharjah badala ya Dubai, kisha uingie kwa gari? Unaweza kuondoka usiku wa manane? Asiyeweza kulegeza tarehe, saa wala uwanja hatapata nauli nafuu, atapata tu isiyomuumiza sana. Anayeweza kusogeza tarehe siku tatu mbele au nyuma ameshamaliza nusu ya kazi.

Kuna sehemu ya bei ambayo hakuna ujanja utakaoipunguza. Kenya hutoza kila abiria anayetoka nchini kwa ndege dola 50, na shilingi 600 kwa safari ya ndani, na fedha hizo zimo tayari ndani ya nauli. Nchi unakokwenda nayo ina tozo zake za kurudi. Ndiyo sababu mojawapo ya safari fupi ya Entebbe au Kilimanjaro kuwa ghali kuliko ya Mombasa, ingawa angani ni karibu muda uleule. Sababu nyingine ni uchache wa mashirika. Serikali za Afrika zilikubaliana Yamoussoukro mwaka 1999 kufunguliana anga, na mwaka 2018 Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la usafiri wa anga, lakini bado kuna njia nyingi zenye shirika moja au mawili tu. Pasipo na mshindani, bei haishuki.

Jambo ambalo wengi hawalijui: ukikosa kusafiri kwa tiketi isiyorudishiwa nauli, omba angalau kodi na tozo zilizokuwa ndani ya nauli. Mara nyingi hurudishwa, lakini haziji zenyewe. Ni lazima uziombe.

Yajue mawimbi ya Nairobi

Hapa ndipo pesa nyingi zinapookolewa, na ndipo watu wanapopaangalia kidogo sana. Kila njia ina msimu wake, na msimu wa Dubai si msimu wa London.

Chukua Desemba. Ndugu zetu wanaoishi Ulaya na Marekani hushuka Nairobi kati ya katikati ya mwezi na mkesha wa Krismasi, kisha hurejea kuanzia tarehe 2 Januari hadi shule na kazi zifunguke huko. Ndege zinazokuja hujaa kwanza, zinazoondoka hujaa baadaye. Mzazi wa Nairobi anayetaka kumwona mwanawe Birmingham akiondoka mwanzoni mwa Desemba na kurudi tarehe 20, kipande cha kurudi kinagongana na wimbi lenyewe. Akiondoka tarehe 25 yenyewe, siku ambayo wengi wanataka kuwa nyumbani, na kurudi mwisho wa Januari, anasafiri kinyume cha wimbi kwenda na kurudi. Familia yetu ilizoea kusherehekea tarehe 24 kwa sababu hiyo, na chakula hakikupungua utamu.

Julai na Agosti wazungu wako likizo na nyumbu wako Maasai Mara, kwa hiyo njia za Ulaya hupanda. Februari na Novemba hutulia. Dubai ina joto kali kuanzia Juni hadi Septemba, nyuzi 40 na zaidi, na wakati huo nauli na hoteli hushuka pamoja. Kama unakwenda kununua bidhaa madukani kwenye viyoyozi, joto halikuhusu sana. Jeddah hupanda Ramadhani na msimu wa Hija.

Wafanyabiashara wa Kamukunji na Nyamakima wanaokwenda Guangzhou, Uchina, wana kalenda yao. Maonyesho makubwa ya biashara ya Canton hufanyika mara mbili kwa mwaka, kati ya Aprili na Mei mwanzoni na kati ya Oktoba na Novemba mwanzoni. Wakati huo ndege na hoteli za Guangzhou hupanda zote. Kama huendi kwenye maonyesho, nenda Machi au Juni. Usiende wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina, Januari au Februari, hata ukiona nauli inayovutia: viwanda vimefungwa na wenye maduka wamekwenda kwao.

Kwa Mombasa, Kisumu na Eldoret wimbi ni la wiki. Ijumaa jioni kwenda na Jumapili jioni kurudi ndizo ghali. Jumanne, Jumatano na Jumamosi mchana huwa chini. Ukiona sikukuu ya taifa imeangukia Ijumaa au Jumatatu, jua kwamba Nairobi nzima imeiona pia.

Tafuta kama mtu mmoja

Fungua Google Flights, weka NBO, yaani alama ya Nairobi, na unakokwenda, kisha bonyeza sehemu ya tarehe. Kalenda itakuonyesha bei ya kila siku. Skyscanner nayo hukuruhusu kuchagua mwezi mzima, na hata kuacha mahali pa kwenda wazi ukaona ni wapi kuna nafuu. Tumia zote mbili. Weka arifa ya bei ili simu ikuambie inapopanda au kushuka, badala ya kuchungulia kila saa na kujitia wasiwasi.

Sasa kanuni ambayo imeniokolea watu wengi. Viti vya daraja moja haviuzwi kwa bei moja. Shirika hugawa viti katika mafungu, na kila fungu lina bei yake. La chini likiisha, linafuata la juu yake. Tuseme ndege ya Kisumu imebaki na viti viwili vya shilingi 5,000, na vinavyofuata ni vya 7,500. Ukitafuta kwa watu wanne, mfumo unataka wanne hao watoke kwenye fungu moja, kwa hiyo utaonyeshwa 7,500 kwa kila mmoja, jumla 30,000. Ukitafuta kwa mtu mmoja utaiona 5,000. Nunua viwili, kisha viwili vingine, jumla 25,000. Kwa hiyo kila mara tafuta kwanza kwa mtu mmoja, halafu wawili, halafu idadi yenu kamili. Kama kuna watoto, hakikisha kila mtoto yuko kwenye tiketi moja na mtu mzima, kisha uwaombe shirika waziunganishe hizo tiketi.

Mafungu hayo ndiyo yanayoeleza kwa nini bei hupanda ukiitazama mara ya pili. Wengi huamini kwamba tovuti inawapeleleza, ndipo wanafungua dirisha la siri la kivinjari. Mimi sijaona dirisha hilo likishusha nauli hata mara moja. Mara nyingi fungu la chini limekwisha, au tovuti ya kulinganisha ilikuwa inaonyesha bei ya jana. Wala hakuna siku ya wiki ya kununulia. Jumanne ni nzuri ya kusafiri, si ya kulipa.

Ukishaipata ndege, ichukue namba yake na uende kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Tofauti ikiwa ndogo, nunua hapo. Siku ndege itakapofutwa, aliyenunua kwa shirika atashughulikiwa pale kaunta, na aliyenunua kwenye tovuti ya kati ataambiwa awatafute waliomuuzia. Kwa njia za nje linganisha pia tiketi ya kwenda tu na ya kwenda na kurudi. Kwa mashirika mengi makubwa, tiketi ya kwenda tu huweza kuwa ghali kuliko ya kwenda na kurudi. Lakini usithubutu kuacha kipande cha kwanza ukitumaini kupanda cha pili, kwa sababu usipotokea mwanzoni safari yote iliyobaki hufutwa.

Ndani ya nchi: JKIA, Wilson au reli

Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways iliyoanza kuruka 2014, huruka kutoka JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, na ndiyo wengi huiangalia kwanza kwa Mombasa, Kisumu, Eldoret, Malindi na Ukunda. Nauli yake ya chini haina begi la kupakia, na begi ni nafuu ukilinunua mapema mtandaoni kuliko uwanjani. Usiusahau uwanja mdogo wa Wilson, kwenye barabara ya Lang'ata. Skyward na Safarilink huruka kutoka huko, na tovuti za kulinganisha hazionyeshi kila ndege, kwa hiyo ingia kwenye tovuti zao moja kwa moja. Anayekaa Kibera, Lang'ata au Rongai huokoa muda na nauli ya teksi akitumia Wilson. Ndege nyingi za hapo ni ndogo, na zipo zinazokubali kilo 15 tu kwenye begi laini, kwa hiyo sanduku gumu liache nyumbani.

Kwa Diani, linganisha kutua Ukunda na kutua Mombasa. Nauli ya Ukunda huwa juu, lakini ukitua Mombasa utalipa gari la kwenda kusini, kupitia feri ya Likoni au barabara ya Dongo Kundu. Mkiwa wawili huenda Ukunda ikashinda. Mkiwa watano ndani ya gari moja, Mombasa inashinda.

Na kama saa si tatizo, treni ya SGR kutoka Syokimau hadi Mombasa bado ni nafuu kuliko ndege. Daraja la kawaida lilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024. Wapo wanaokwenda kwa treni na kurudi kwa ndege ya Jumanne, na huo ni mpango mzuri.

Kupitia Addis, Kigali au Ghuba

Ndege ya moja kwa moja ni ya raha, na raha hiyo hulipiwa. Kutoka Nairobi ukikubali kubadilisha ndege mara moja, linganisha Ethiopian kupitia Addis Ababa, RwandAir kupitia Kigali, EgyptAir kupitia Cairo, Turkish kupitia Istanbul, na zile za Ghuba kupitia Dubai, Doha, Abu Dhabi au Sharjah. Tazama masaa ya kusubiri na kilo za mizigo kabla ya kutazama bei. Mfanyabiashara aliyepewa mabegi mawili ya kilo 23 kwenye nauli ya juu kidogo anaweza kuwa amepata kuliko mwenye nauli ya chini na begi moja.

Ikiwa kusubiri ni kwa usiku mzima, uliza shirika kama lina hoteli kwa wanaounganisha. Ethiopian na Turkish wana utaratibu huo kwa baadhi ya abiria wenye masaa mengi ya kusubiri, na masharti yake yasome kabla ya kulipa.

Njia nyingine ni kununua tiketi mbili tofauti: moja ya kutoka Nairobi hadi mji fulani, nyingine ya kutoka hapo kwenda mbele. Wakati mwingine huokoa pesa nyingi. Mkenya ana bahati kwamba haombi viza kuingia Ethiopia wala Rwanda, na Uganda na Rwanda humpokea hata kwa kitambulisho, kwa hiyo anaweza kutoka nje, kuchukua begi lake na kuanza safari upya. Mahali pengine kubadilisha kwa tiketi mbili maana yake ni kupita uhamiaji, na hapo utadaiwa viza ya nchi ambayo hata hukuwa na haja nayo. Hata wasiotoka nje ya uwanja huweza kudaiwa viza ya kupitia. Uliza kabla ya kulipa.

Hatari yake kubwa ni kuchelewa. Ndege ya kwanza ikichelewa, wenye ndege ya pili hawana deni lako. Mimi simruhusu mtu wangu kuacha chini ya masaa sita kati ya tiketi mbili, na mzee au mtu mwenye watoto namkataza kabisa. Akiba haifai kumlaza mama sakafuni Addis.

Kwa Zanzibar, wanaoweza kulegeza muda hupanda shato, yaani basi dogo, ya Nairobi kwenda Arusha kupitia mpaka wa Namanga, kisha hupanda ndege ya ndani ya Tanzania. Utahitaji pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ni safari ndefu, lakini vijana wanaosafiri kwa kikundi huipenda.

Lini ununue, na ulipeje

Kwa safari ya ndani anza kutazama wiki sita kabla na ununue wiki tatu au nne kabla. Kwa safari ya nje, miezi miwili hadi minne. Kwa Desemba, tiketi yako iwe imelipwa kufikia Septemba. Hii ni kanuni yangu ya mazoea, na arifa ya bei inaweza kukuambia tofauti. Nauli ikishuka hadi kiwango ulichoandika kwenye karatasi, lipa. Anayesubiri ishuke tena ndiye ninayemwona akinunua ghali wiki ya mwisho.

Kwa safari za Marekani, sheria ya huko hulazimisha shirika kukupa saa 24 za kufuta bila gharama, au kukushikilia bei kwa muda huo, mradi umenunua kwa shirika lenyewe siku saba au zaidi kabla ya safari. Ukiona bei nzuri, nunua, kisha uendelee kutafuta usiku huo kwa amani.

Kenya Airways na Jambojet hupokea M-Pesa. Kwa tovuti za nje, M-Pesa GlobalPay iliyoanza 2022 hukupa kadi ya Visa ya mtandaoni bila benki. Kabla ya kukubali, angalia unalipa kwa sarafu gani. Tovuti ikijitolea kukugeuzia dola kuwa shilingi, kiwango chake huwa kibaya. Piga hesabu kwa kiwango cha siku hiyo ndipo uchague.

Hakikisha tiketi ipo kweli

Sehemu hii naiandika kwa uchungu. Shangazi yangu alilipa tiketi ya Johannesburg kwa wakala mmoja mjini, akatumiwa karatasi nzuri yenye jina lake, tarehe na namba ya ndege. Wiki moja kabla nikamwomba anionyeshe.

“Shangazi, namba ya tiketi iko wapi?”

“Si hiyo hapo juu, mwanangu? Zile herufi sita.”

Zile sita ni namba ya nafasi tu. Zinasema kiti kimeshikwa, hazisemi kimelipiwa. Nafasi isiyolipiwa hufutwa na mfumo baada ya muda, na abiria hujua siku anapofika kaunta. Tiketi yenyewe ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: Kenya Airways ni 706, Ethiopian 071, RwandAir 459, Emirates 176, Qatar 157, Turkish 235. Karatasi ya shangazi haikuwa nayo. Tulimfuata wakala siku tatu mfululizo hadi akatoa tiketi halisi.

Kwa hiyo ukinunua kwa mtu, usiondoke bila tarakimu 13. Kisha wewe mwenyewe ingia kwenye tovuti ya shirika, weka zile herufi sita na jina la ukoo, uone kama safari inaonyesha imelipwa. Rudia wiki moja baadaye. Wapo mawakala waaminifu Nairobi, wengine hupata nauli za vikundi ambazo wewe huzioni, na mwaminifu hakasiriki ukimwomba namba. Anayetaka pesa kwenye laini yake binafsi badala ya namba ya malipo ya kampuni, achana naye.

Jina na saa

Andika majina kama yalivyo kwenye pasipoti, si kama unavyoitwa nyumbani. Tazama pasipoti imeweka lipi kama jina la ukoo, na uliweke hapohapo. Kurekebisha jina kunaweza kugharimu karibu sawa na tiketi mpya. Pasipoti nayo iwe imebakiza miezi sita au zaidi.

Mwisho ni saa, kwa sababu ndege nyingi za JKIA huondoka usiku. Tiketi ikisema 00:55 tarehe 15, hiyo ni saa saba kasoro dakika tano usiku, usiku wa kuamkia tarehe 15. Unatoka nyumbani tarehe 14 baada ya chakula cha jioni, ufike uwanjani kabla ya saa nne usiku. Nimeona mtu akifika jioni ya tarehe 15 na mabegi matatu na familia nzima ya kumsindikiza, na ndege yake ilikuwa imekwishatua zamani. Andika kwa Kiswahili juu ya karatasi: “Naondoka nyumbani Jumatatu saa moja jioni.” Ibandike kwenye friji.

Mchana, matatu ya namba 34 kutoka mjini hufika JKIA kwa nauli ndogo sana kuliko teksi. Usiku na mizigo, lipa gari, na uwe umeshaliweka kwenye karatasi tangu siku ya kwanza.